Soko la Hisa Kukaidi Mistari ya Daftari Langu

Jairus Masha Mramba,
Kijiji cha Idsowe,
kupitia duka la simu la Famau, karibu na stendi ya mabasi,
Garsen.

Siku ya Jumwa, ambayo huko kwenu mnaiita Jumanne, tarehe 9 Septemba.

Kwa Meneja,
Kampuni ya Udalali wa Hisa ya Mikoko Saba,
Mombasa.

Bwana au Bibi Meneja (yule binti wenu wa simu hakutaka kuniambia ni yupi),

MINTARAFU: BEI ZA HISA KUKATAA KUFUATA MFUMO ULIOPIMWA UKAPIMIKA

Pokea salamu kutoka Idsowe, ambako sote tu wazima isipokuwa mahindi. Nakuomba ukae vizuri kitini, maana barua hii ni ndefu, na mimi ni mtu wa kueleza jambo kuanzia kwenye mzizi wake. Sikuandikii kwa hasira. Hasira ilikuwa juzi. Leo jembe limelala, chai nimekunywa, na kalamu nzuri nimeazima.

Mimi ni mkulima wa mahindi, pojo na tikiti maji. Pia ni Mwenyekiti wa Vipimo katika kikundi chetu cha wakulima kumi na mmoja, kiitwacho Maji Yaje. Maji yalikuja kweli. Yale mafuriko makubwa yalibeba pampu yetu ya kumwagilia, yakabeba choo cha katibu wetu Truphena pamoja na mlango wake, yakabeba na sanduku langu la bati lenye kitambulisho changu ndani. Kitambulisho kilikwenda baharini bila nauli. Kipya kila mwezi naambiwa kiko njiani, na mimi siulizi ni njia gani.

Maji yalipotuachia mashamba tulibaki na jambo ambalo mtu wa mjini hawezi kuliamini: mto Tana uko hatua hamsini kutoka mahindi yangu, na mahindi yanakufa kiu, kwa sababu hakuna cha kuyapandisha maji ukingoni. Tukachanga. Mchango haukutosha pampu. Tukiuacha benki, ada zingeula. Tukimwachia Truphena, harusi zingeula, maana ana wapwa wengi na wote wana moyo wa kuoa. Ndipo nikasimama mkutanoni nikasema tuziweke pesa kwenye hisa, zikue, tununue pampu kabla ya msimu wa kupanda. Akaunti ikafunguliwa kwenu Januari kwa jina la mke wangu Kabibi, kwa kuwa yeye kitambulisho anacho, na simu yenye mtandao ni yake. Siku iliyofuata tukanunua hisa zote kwa mpigo, za kampuni moja ya chai, hata kabla mfumo wangu haujakamilika. Hilo nalihesabu kuwa pupa ya wageni. Baada ya hapo kazi iligawanywa: mimi nafikiri, Kabibi anabonyeza.

Sasa Jumapili hii baada ya ibada kikundi kinakaa. Truphena ameandika ajenda moja tu, nayo ni kunivua uenyekiti na kuuliza pampu iko wapi. Kwa hiyo nina siku tano za kuthibitisha kwamba kosa ni la soko. Lakini kwanza nikueleze mfumo wenyewe, ili ujue unajibizana na mtu wa namna gani.

Aliyenifundisha ni Famau, mtu wa Kipini aliyeacha nyavu akafungua duka la simu hapa Garsen. Ana kompyuta, na ana subira. Alinionyesha kwamba ukichukua bei za siku chache zilizopita ukazitafutia wastani, kila siku ukafanya hivyo, unapata mstari wa haraka. Ukichukua za siku nyingi, unapata mstari wa taratibu. Wa haraka ukiukata wa taratibu ukielekea juu, unanunua. Ukiukata ukielekea chini, unauza. Hadi hapo hata mbuzi angeelewa. Swali ni hizo siku: ngapi na ngapi? Watu wa mtandaoni wanasema hamsini na mia mbili, lakini hawasemi nani aliwaambia. Mimi nikasema tupime.

Tukapakua bei za miaka mitatu za ile kampuni ya chai. Kompyuta ikajaribu kila jozi ya namba kuanzia moja hadi sitini. Ni jozi elfu moja mia saba na sabini, Meneja, na zilikwisha kabla chai yangu haijapoa. Jozi bora kuliko zote ikawa saba na thelathini na moja. Kama tungeitumia miaka ile mitatu, tungepata pampu moja na robo. Nilihisi kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Tatizo ni kwamba hata jozi hiyo ilikosea mara sita. Mimi sipendi kukosea nikiwa na uwezo wa kutokosea. Nikaongeza kipimo cha shibe na njaa, ambacho huipa bei alama kati ya sifuri na mia: ikipita sabini imeshiba, usinunue, ikishuka chini ya thelathini ina njaa, usiuze. Makosa yakabaki manne. Nikabadilisha sabini kuwa sitini na nane na nusu, yakabaki matatu. Kisha nikayachunguza hayo matatu moja moja. La kwanza lilitokea wiki ambayo basi la Lamu liliharibika ekseli. Nikaweka sharti: basi la Lamu likiharibika, usinunue. La pili lilitokea tikiti lilipokuwa bei ya bure pale sokoni, nalo nikaliwekea sharti lake. La tatu lilinichosha, likahitaji masharti tisa peke yake. Nilipomaliza nilikuwa na masharti kumi na moja na hakuna hasara hata moja. Mara kumi na nne mfumo ulisema nunua au uza katika miaka ile mitatu, na mara zote kumi na nne ulisema kweli.

Famau aliitazama karatasi, akakuna kidevu, akaniambia kwa lugha yao ya Kipini, "Ami, samaki wa yana humvui yeo." Yaani samaki wa jana huwezi kumvua leo. Nikamwambia mimi si mvuvi. Akacheka, akanichapishia nakala mbili.

Jambo la mwisho kuhusu mfumo: unafanya kazi siku ya Jumwa tu. Sisi Wagiriama wiki yetu ina siku nne, Kwaluka, Kurimaphiri, Kufusa, halafu Jumwa, siku ambayo jembe halishikwi. Siku tatu niko shambani nimeinama, siwezi kutazama mistari na magugu kwa wakati mmoja. Siku ya Jumwa napanda boda hadi kwa Famau, nachora, na saa saba narudi nyumbani na uamuzi. Namwambia Kabibi nunua, au namwambia uza. Naye bila kubisha huitikia, "Haya, Baba Christine, nimesikia," akaendelea kusuka mkeka wake. Nimeoa miaka ishirini na saba, na sijawahi kusikilizwa namna hiyo. Nikimuuliza baadaye kama pesa iko, hunijibu, "Iko." Kwa hiyo upande wetu hauna doa.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Soko lilibadilisha tabia siku ile ile tulipoanza kutumia mfumo. Miaka mitatu lilitembea vizuri juu ya mistari yangu. Februari nikatoa agizo la kwanza, la kuuza, na kesho yake bei ikapanda. Nikasema sawa, nikangoja mistari, nikaagiza kununua, bei ikashuka. Nimetoa maagizo tisa hadi leo, na katika manane bei ilikwenda kinyume. Haya nayaandika daftarini kila mara baada ya kuangalia bei kwa Famau, na ili wenzangu waelewe hasara naiandika kwa vipande vya pampu. Hadi sasa tumepoteza mpira wa kunyonyea, magurudumu yote mawili na karibu nusu ya injini. Agizo moja tu lilifaulu, likaturudishia kibano cha mpira. Naamini siku hiyo soko lilisahau.

2. Cha kukera zaidi, hisa yenyewe imepanda tangu Januari. Imepanda sana! Ukitazama mwanzo na mwisho, ukafumba macho katikati, utadhani tumetajirika. Agizo langu la mwisho lilikuwa la kuuza, na tangu siku hiyo imezidi kupanda, yaani sasa inapanda bila sisi. Huku kwetu mtu akikungoja ushuke kwenye mtumbwi ndipo aondoke nao, hatumwiti soko. Tuna jina lake, nami kwa heshima yako siliandiki.

3. Soko linafungwa Jumamosi na Jumapili. Nimelipima hili pia. Katika kila Jumwa saba, moja lazima iangukie Jumamosi na nyingine Jumapili, haina njia ya kukwepa. Hivyo maagizo yangu mawili kati ya saba yanakuta mlango umefungwa na kungoja hadi Jumatatu, yakiwa yamechacha. Mimi sipingi mtu kupumzika. Nauliza tu kwa nini mpumzike siku mbili mfululizo, wakati sisi tunaolima tunapumzika moja. Naomba soko lifuate wiki ya siku nne, lifungwe Kwaluka, Kurimaphiri na Kufusa tukiwa shambani, na lifunguliwe Jumwa tukiwa na nafasi.

4. Mwezi uliopita nilipiga simu ofisini kwenu nikapokewa na binti aitwaye Hanan. Alikuwa na adabu, hilo sikatai, aliniita mzee tangu mwanzo hadi mwisho. Nikamweleza maagizo yanavyogeuzwa. Akasema akaunti si ya jina langu kwa hiyo hawezi kunisomea kilichomo. Nikamwambia anayeitwa jina hilo nimemtolea mahari. Akasema anaelewa, lakini bado hawezi. Nilipozidi kumbana alisema neno moja tu la kunifariji, kwamba nisiwe na wasiwasi, akaunti ile imetulia sana. Imetulia! Meneja, akaunti inavuja kama mtumbwi uliotoboka, na mfanyakazi wako anasema imetulia. Ng'ombe akifa pia hutulia. Naomba binti huyo afundishwe upya kusoma mistari, nami niko tayari kumfundisha bila malipo, ila iwe siku ya Jumwa.

5. Kuhusu mikanda. Famau alinichorea mikanda miwili, mmoja juu ya bei na mmoja chini, akasema bei hutembea katikati yake kama maji kati ya kingo. Nilifurahi, maana kingo nazijua. Lakini bei yenu imevuka ukingo wa juu mara nne mwaka huu ikakaa huko huko, haikurudi. Mto ukivuka ukingo una sababu, mvua imenyesha milimani, na redio hututangazia tuhame. Bei imevuka kwa mvua gani? Ilitangazwa redio ipi? Naomba bei ikitaka kuvuka mkanda itoe notisi ya siku saba, kama inavyotakiwa kwa mpangaji.

6. Nina hakika kuna mtu analisomea soko daftari langu. Nimewachunguza wote wanaoweza kuliona. Famau hawezi kuusoma mwandiko wangu, na amesema hivyo mara nyingi kuliko inavyopendeza. Kabibi hajawahi kulifungua, na nikimsomea husinzia. Truphena angelisoma, lakini angepiga kelele. Niliamua kulificha ndani ya banda la kuku. Kuku mmoja akalitagia, na agizo lililofuata likapotea vile vile, kwa hiyo siri haikuvuja kwa binadamu. Sina budi kusema kwamba anayenipeleleza ni soko lenyewe, na kwamba likishajua masharti yangu kumi na moja hufanya makusudi. Wiki ya juzi nilijaribu kulihadaa. Nilisema kwa sauti dukani kwa Famau kwamba nitanunua, huku moyoni nikikusudia kuuza. Bei ikasimama pale pale, haikupanda wala kushuka, na nadhani unaona mwenyewe kwamba hiyo ni dalili ya mtu aliyechanganyikiwa.

7. Kwa hayo yote naomba mambo matatu. Kwanza, soko lirudie miaka ile mitatu. Mwanafunzi akifeli anarudia darasa, hakuna aibu, na soko hili limefeli waziwazi. Likirudia miaka ile kama ilivyokuwa, bei kwa bei, mimi nina mfumo usiokosea hata mara moja, na tutamalizana kwa amani. Pili, kama kurudia miaka mitatu kuna gharama, basi lirudie miezi saba tu, nami nitapunguza masharti hadi tisa kwa kuonyesha nia njema. Tatu, na hili ndilo la haraka, naomba barua fupi ya kukiri kosa, ya kusomwa Jumapili, iwe na mhuri wa duara. Ule wa mstatili Truphena hauamini.

Meneja, sasa nikuambie jambo bila hesabu. Naona haya. Mimi ndiye niliyesimama nikasema pesa ziende kwenye hisa, na watu kumi wakanyoosha mikono kwa sababu niliongea vizuri. Tangu pampu ichukuliwe wake zetu wanateka maji mtoni kwa ndoo, asubuhi na jioni, wakimwagilia shina kwa shina. Mwezi uliopita mamba alimkosa Truphena kwa urefu wa ndoo. Ndoo aliichukua. Truphena aliporudi hakunilaumu, alipita tu mbele ya nyumba yangu amelowa, akanisalimu, akaenda zake. Ningependa zaidi kama angenitukana. Na Kabibi huteka mahali pale pale, saa zile zile, na kila akichelewa kurudi mimi husimama ukingoni nikijifanya natazama mawingu. Pampu ikikosekana msimu huu mahindi yatakwisha, lakini si mahindi yanayoninyima usingizi.

Kwa hiyo kama mistari yangu ina kosa, kosa hilo sijaliona, na nimelitafuta mara elfu moja mia saba na sabini. Lililobaki ni soko. Naomba lichukuliwe hatua.

Wasalimie wote hapo ofisini, kuanzia mlinzi wa mlangoni hadi anayechemsha chai, maana najua ofisi haisimami bila hao wawili. Msalimie Hanan, na umwambie sina kinyongo, isipokuwa lile neno. Wasalimie watu wa nyumbani kwako, na kama una shamba pwani ya huko, lisalimie pia, na uombe lisiwe mbali na pampu. Huku Famau anakusalimu, ingawa ameomba nisiandike kwamba anaunga mkono lolote.

Nakaa nikiungoja mhuri,
wako katika vipimo,

Jairus Masha Mramba
(Mwenyekiti wa Vipimo, hadi Jumapili)

NYONGEZA, siku ya Kwaluka, Jumatano kwenu:

Meneja, yaliyoandikwa juu usiyasome. Kama umeshayasoma, anza kuyasahau kuanzia namba saba ukipanda juu.

Jana mchana nilimpa Kabibi bahasha hii aipeleke stendi, ipande basi la Mombasa. Leo asubuhi nilikuwa natafuta chumvi nikaikuta bahasha chini ya kopo la unga, haijatoka hata mlangoni. Nikamuuliza kulikoni. Hakuinua kichwa kwenye mkeka. Akasema, "Barua ni ya pampu. Mambo ya pampu ni jembe, Baba Christine, na jembe haliinuliwi siku ya Jumwa."

Niliiweka bahasha juu ya kopo. Kabibi anakwenda kanisani kila Jumapili na anaimba sauti ya juu, lakini alilelewa na nyanya yake, na Jumwa ya nyanya yake haijawahi kuvunjwa katika nyumba yangu. Hilo nalijua tangu nimuoe. Nikalichukua daftari nikazitazama tarehe za maagizo tisa. Nilizijua kabla ya kuzitazama, maana ni mimi niliyekuandikia kwamba mfumo unafanya kazi Jumwa tu. Nikamuuliza polepole kama kuna agizo hata moja alilolibonyeza.

"Nilikwambia nimesikia," akasema. "Sikukwambia nimefanya." Alikuwa akingoja nimkumbushe siku ya Kwaluka, siku ya kuanzia kazi. Lakini kila Kwaluka mimi huamka na jembe begani nikiwaza magugu, na sikurudia kusema hata mara moja. Akadhani nimebadili mawazo. Mara tisa!

Hisa tulizonunua Januari kwa pupa ya wageni zilikaa pale pale hadi wiki iliyopita. Mpira wa kunyonyea haukupotea, wala magurudumu, wala injini. Vilipotea daftarini tu. Gawio la kampuni ya chai liliingia mwezi wa saba, ujumbe ukaja kwa simu yake, na nilipouliza kama pesa iko alinijibu iko, kwa sababu ilikuwako. Kwaluka iliyotangulia ile iliyopita, Jumanne ya tarehe mbili, aliona bei inatosha pampu akaziuza zote kwa mpigo, kisha akapiga simu Malindi. Pampu inafika keshokutwa Ijumaa kwa lori la saruji, ikiwa na magurudumu mawili.

Kwa hiyo malalamiko ya kwanza, ya pili, ya tano na ya sita nayafuta. La tatu pia, maana kama soko lingefuata wiki yetu kama nilivyoomba, lingefunguliwa siku ambayo mke wangu hagusi la pampu. La nne mwambie Hanan naomba radhi, akaunti ilikuwa imetulia kweli. Miaka ile mitatu iacheni ilale. Na mhuri wa duara hauhitajiki, labda kama umeshaupiga.

Nilimuuliza Kabibi kwa nini hakuniambia wiki nzima. Alikuwa amepanga kusimama Jumapili mbele ya Truphena na wote kumi aseme kwamba pampu imetokana na mistari ya Baba Christine. Nikamuuliza kwa nini aseme hivyo na si kweli. Akafikiri kidogo akasema, "Ulichora sana."

Nilimwomba tuichome barua hii. Amekataa, anasema karatasi zilizoandikwa kwa bidii namna hii hazichomwi, na leo ni Kwaluka, barua inaweza kwenda. Basi inakuja kwako, nisamehe. Jumapili nayo ni Kwaluka, nimeihesabu kwa vidole. Nitasimama kabla ya Kabibi, niseme ukweli wote wa maagizo tisa, kwa sababu kusema ukweli mbele ya Truphena kwangu ni kazi ya jembe. Baada ya hapo wakitaka kunivua uenyekiti, wampe Kabibi. Naifunga bahasha, ameshavaa ndara.

J. M. M.